Supu Iliyoganda na Mkono Wako wa Kushoto

Skola mwanangu,

Baiskeli ya mjomba wako imepotea sasa hivi kwenye kona ya mashine ya kusaga, nawe umekaa nyuma upande mmoja, umekusanya kitenge kisiingie kwenye spoku. Mnakwenda Kakese kumuaga bibi yako. Najua bibi hatakuachia mpaka ule, kwa hiyo mtarudi jua likiwa limeshuka nyuma ya zizi la jirani yetu Mama Masanja. Muda wangu ndio huo. Kesho ni treni, na kwenye treni hakuna anayezungumza na mtu: watu wanapokezana mizigo madirishani, wanapiga kelele, halafu behewa linaondoka.

Sitakuandikia habari za ndoo na chandarua. Orodha ya shule iko mfuko wa mbele wa begi, na wewe huwa unasoma orodha kuliko mimi. Nataka kukuandikia habari ya kisanduku nilichokifunga katikati ya mashuka yako, na habari ya mkono wako wa kushoto. Ni habari moja. Kwa miaka minane nimekusimulia nusu yake, na hiyo nusu ni ya uongo.

Nianze na iliyo nzuri, maana hata sasa nafurahi nikiikumbuka.

Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa mtu mkimya. Siku hiyo alikuja na taa na vipande viwili vya plastiki ya kijivu. Akavisimamisha mbele ya taa, akakizungusha kimoja mpaka mwanga ukazimika kabisa. Kisha katikati yao akaweka kulabu ya plastiki angavu, akaivuta. Skola, ile kulabu iliwaka! Mistari ya rangi ikatokea ndani yake, njano, nyekundu, kijani, ikajaa kwenye kona ya ndani kama watu waliobanana mlangoni. Alipoachia, ikazimika. Akavuta tena, ikawaka tena. Akasema, "Hapo ndipo itakapokatikia," akaivuta kwa nguvu, na ikakatikia hapo hapo.

Wenzangu waliandika. Mimi sikuandika. Nilikuwa nafikiria ukuta wa nyumba yetu uliopasuka kwenye kona ya juu ya mlango, na kila mwaka mama anazibia udongo, na kila mwaka unapasuka pale pale. Kumbe kitu hakivunjiki ovyo. Kinabeba mzigo kwa njia zake, njia hizo zinabanana mahali, na mahali hapo panaweza kuonekana kabla ya kuvunjika. Nilitoka darasani nikatembea peke yangu mpaka giza likaingia.

Nilipopangiwa kufundisha Mpanda, nawe mgongoni, niliapa kwamba wanafunzi wangu wataona nilichoona. Vile vipande vya kijivu sikuwa navyo. Kimoja nilikitoa kwenye kalkuleta iliyokufa: ile plastiki nyembamba iliyo mbele ya kidirisha cha namba, nikaibandua kwa wembe kwa uvumilivu mkubwa. Badala ya cha pili nilichukua kioo cha dirisha, nikakipaka rangi nyeusi upande wa nyuma. Mwanga wa dirishani ukipiga kioo hicho kwa mshazari na kukurudia jichoni, ukautazama kupitia kile kipande cha kalkuleta, ukakizungusha taratibu, mng'ao wa kioo unakufa. Nilipouona unakufa mara ya kwanza nilipiga kelele, wewe ukalia.

Kilichobaki kilikuwa kitu cha kuweka katikati. Hapo ndipo nilipokosea.

Kulikuwa na kitabu nilichokipitia chuoni, kilichosema vielelezo bora hutengenezwa kwa ile gundi nzito ya majimaji inayochanganywa na dawa yake, ikaganda ikawa ngumu na angavu. Nikashika neno "bora" nikaacha mengine yote. Rula yako ya plastiki ilikuwa mezani, makasha ya kaseti yalikuwa kabatini, vyote vinaonyesha rangi, lakini mimi nilitaka kilichosemwa kitabuni. Nikamwendea fundi wa bodi za magari. Alinipimia gundi kwenye kopo, na dawa kwenye chupa ndogo.

"Mwalimu," akaniambia, "hii dawa ni matone tu. Ukizidisha inakasirika. Na ufanyie nje, siyo ndani."

"Nimeelewa," nikasema.

Ningeweza kuyapima maneno yake, kwa sababu alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka na vidole vyake vina alama. Lakini nilimwona mtu wa darasa la saba anamfundisha mtu wa chuo. Nakuandikia hili bila kulipamba. Ndivyo nilivyofikiri.

Ilikuwa Agosti, vumbi linaruka. Nilifunga madirisha ili vumbi lisitue kwenye kielelezo changu. Nilikuwa na kipindi baada ya saa moja, nikataka igande haraka, nikazidisha dawa. Nikakoroga ndani ya kopo la maziwa ya unga. Nikakumbuka kwamba kibao cha kumiminia nimekiacha uani. Wewe ulikuwa na miaka mitano, umesimama pembeni unaniangalia, kwa sababu ulikuwa unaniangalia siku zote. Nikakupa kopo.

"Shika hapa kidogo. Usimwage."

Nikatoka. Kibao sikukiona upesi, kuku walikuwa wamekiangusha nyuma ya kinu. Nikasikia ukilia, sauti ambayo sijaisikia tena kwako na naomba nisiisikie. Nilipoingia chumba kilikuwa na moshi na harufu kali, na ile gundi ilikuwa inachemka yenyewe, bila moto, inapasuka ndani ya kopo. Kopo lilikuwa bado mkononi mwako. Ulikuwa umelikumbatisha kwenye kiganja cha kushoto na mkono wa kulia umeshika juu. Nilikuwa nimekwambia usimwage, Skola, na hukumwaga.

Hospitalini muuguzi aliuliza, "Mtoto ameunguaje?"

"Uji," nikasema.

Lilitoka kabla sijafikiri. Uji ni ajali ya kila nyumba, hakuna anayeuliza swali la pili. Nilifikiri nitalirekebisha kesho yake. Kesho yake bibi yako alifika kutoka Kakese na alikuwa ameshausikia uji njiani, ameshaukasirikia, ameshaanza kuutafutia sababu. Ndani ya wiki moja uji ulikuwa na sufuria, sufuria ilikuwa na nzi, na wewe ulikuwa umetumbukiza mkono kumtoa nzi. Mimi sikuongeza kitu. Nilikaa kimya tu, na kimya changu kilitosha.

Nimekaa nacho kwa sababu hakikuonekana kukudhuru. Hivyo nilijidanganya. Mpaka Jumapili iliyopita, tulipokuwa wote hapa uani, nyie watoto mnakula wali, na bibi akaanza.

"Huyu mnayempeleka shule ya ufundi! Huyu! Miaka mitano, anaona nzi anaogelea kwenye uji, eti anakwenda kumwokoa!"

Watu wakacheka. Shangazi yako akadakia, "Sasa mtu wa hivyo ndiye akashike msumeno? Si atarudi na vidole vitatu!"

"Viwili," ukasema wewe, "kimoja nitamwachia mwalimu." Wakacheka zaidi. Ukacheka nao. Lakini mimi nilikuwa nimekaa mbele yako, na niliuona mkono wa kushoto ukiingia chini ya kitenge.

Jioni, tunaosha vyombo, ukaniambia kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua: "Mama, nikifika nitamwomba mkuu wa shule anihamishie shule ya kawaida. Hesabu nazimudu. Karakana sitaiweza. Mikono yangu haina akili."

Nilisugua sufuria ile ile mara tatu.

Sasa nakujibu. Tangu siku ile ya moshi nilifungia kioo na kipande cha kalkuleta kwenye kisanduku hicho, juu ya kabati. Mabaki ya gundi niliyafukia mbali na kisima, na hata hilo sijui kama nilifanya sawasawa. Kwa miaka mitano sikukigusa. Ni nani aliyekishusha? Unakumbuka? Ilikuwa Juni, ile baridi inayofanya watu wa hapa wavae makoti ya mitumba mpaka saa nne. Jana yake Mama Masanja alikuwa ametuletea makongoro, kwa sababu walichinja ng'ombe aliyevunjika mguu, na tulichemsha ile miguu mchana kutwa. Asubuhi supu iliyobaki ilikuwa imeganda kwenye bakuli. Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari. Wewe, miaka kumi, ulikuwa umepanda kiti, umeshusha kisanduku, umekilaza kioo cheusi dirishani kama ulivyoniona nikifanya ukiwa mdogo, na unatazama kila kitu cha nyumba hii kupitia kipande cha kalkuleta. Ulitazama rula. Ulitazama kasha la kaseti. Halafu:

"Mama! Supu inawaka!"

Nilikuja kukugombeza. Ulikuwa umekata kipande cha ile supu, umekishika kwenye ncha ya kisu mbele ya kioo, na kila kilipotikisika mwanga ulipita ndani yake. Ulikibonyeza kwa kidole. Mistari ikakimbia kutoka kidoleni kwako. Nilikaa chini sakafuni. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimetafuta kitu angavu, laini, kinachoonyesha hata uzito wa kidole, kisicho na sumu, ambacho ukikosea unakichemsha tena, na kilikuwa kwenye bakuli la kifungua kinywa.

Majuma yaliyofuata yalikuwa ya furaha kuliko yote niliyoishi katika nyumba hii. Tulijifunza kuengua mafuta yote, maana mafuta huifanya kuwa na ukungu. Tulijifunza kuchuja kwa kitambaa mara mbili, kisha kutia ute wa yai uliopigwa, tuchemshe taratibu, ute uinuke na taka zote, tuchuje tena, ibaki rangi ya chai hafifu. Tulijifunza kwamba trei ikipakwa mafuta kidogo sana supu hubanduka bila kuraruka, na kwamba joto likizidi mchana lazima trei ikae kwenye mchanga mbichi kando ya mtungi. Nani alikuwa anakata? Mimi nilijaribu kwa kisu nikaichana. Wewe ulichukua uzi wa kushonea, ukauvuta kati ya mikono miwili, ukaupitisha ukitua kama pumzi. Kingo zilikuwa safi kama za kioo. Mkono wa kushoto ndio uliokuwa unashikilia usiteleze.

Na mpapai je? Nacheka nikiandika. Tulitaka tundu la duara, nikasema tutumie bua la jani la mpapai, ni mrija tayari, hauna gharama, uko uani. Nilijiona mwerevu sana. Tundu likatoka zuri. Baada ya muda kingo zake zikaanza kulia maji, zikalegea, kielelezo kikabomoka. Nikalaumu joto. Tukarudia asubuhi na mapema, kikabomoka. Nikalaumu yai. Mimi mwenye shahada nikalaumu mpaka maji ya bomba. Wewe ukawa umekunja uso, unanusa bua.

"Mama, bibi akipika nyama ngumu si anaifunga kwenye majani ya mpapai?"

"Ndiyo."

"Basi mpapai unakula nyama. Na hii si ni nyama?"

Nililichukua lile bua nikalitupa uani. Ulifikiri nimekasirika. Nilikuwa najiuliza ningefika lini mimi peke yangu. Siku hiyo hiyo tulikata kipande cha pampu mbovu ya baiskeli, kikawa ndicho kitoboleo chetu mpaka leo. Kimo ndani ya kisanduku chako.

Halafu Mama Masanja alikuja kudai sufuria yake akatukuta tumeegemeza ile supu katikati ya vioo viwili safi, tunaikandamiza kwa kibao.

"Mwalimu," akasema, "miguu ya ng'ombe wangu mnaitazama badala ya kuila? Sisi kwetu tukikuta mtu anatazama supu namna hiyo tunamwita mganga."

"Njoo uone, mayu," ukamwambia, ukimwita mama kwa lugha ya kwao, ukampa kipande cha kalkuleta.

Alitazama. Ulikuwa umekata tundu la pembe nne upande mmoja na la duara upande wa pili, na mwanga ulikuwa umejaa kwenye pembe za lile la kwanza.

"Mbona pale panawaka kwenye kona?"

"Hapo ndipo panapobeba zaidi. Hapo ndipo pangepasuka."

Akasema polepole, "Nira zetu zote zinapasukia hapo." Mume wake alikuwa anachonga nira za ng'ombe wa kulimia, na matundu ya vijiti vya shingoni alikuwa akiyatoboa kwa patasi, pembe nne, kama baba yake alivyotoboa. Aliondoka bila sufuria. Jioni mume wake alikuja, akabishana na wewe kwa nusu saa, mtu mzima na mtoto wa miaka kumi, akasema mti siyo supu. Ukamwambia ni kweli, mti siyo supu, mti una nyuzi, lakini kona ni kona. Alicheka, akaenda. Msimu uliofuata alitoboa nira moja kwa chuma cha moto, matundu ya duara. Ile nira unaijua. Ndiyo hiyo wanayolimia mpaka sasa, wakati ya pembe nne iliyochongwa mwaka ule ule iliishia jikoni kwa Mama Masanja kama kuni.

Nimekuandikia haya yote yafuatane ili uyaone kama ninavyoyaona mimi. Mtu ambaye mikono yake haina akili angeliachia lile kopo. Wewe uliambiwa na mtu unayemwamini kwamba usimwage, ukashika. Kosa lilikuwa la aliyekupa kopo. Mkono wako ulifanya kazi yake mpaka mwisho, na ndiyo maana una kovu.

Unaweza kunikasirikia. Nimejiandaa kwa hilo, na sitakuambia unikasirikie kiasi gani. Jumapili nitakwenda Kakese nikamwambie bibi yako mwenyewe, mdomo kwa mdomo. Nilifikiri kumwandikia, nikakumbuka kwamba barua zake huwa unamsomea wewe. Atanipigia kelele mbele ya majirani na itakuwa haki yake. Ile hadithi ya nzi nitaiomba iishe.

Huko uendako watakuwa na vitu vingi ambavyo sisi hatukuwa navyo. Labda watakuwa na ile gundi. Wakikupa, mwulize anayeijua kwa mikono yake, na umsikilize hata kama hajasoma kuliko wewe. Fanyia nje. Usimpe mtu mwingine ashike kitu ambacho wewe mwenyewe hujui kitafanya nini. Plastiki yoyote usiikate kwa moto ndani ya chumba, moshi wake ni mbaya. Kata kwa msumeno mdogo, polepole, kwa sababu ukiharakisha msumeno wenyewe unaacha mistari yake ndani na utadhani ni mzigo kumbe ni haraka yako. Na kile kipande cha kalkuleta kisikudanganye ukalitazama jua kwa hicho. Kinapunguza mwanga, hakilindi jicho. Hayo matatu au manne nimeyalipia. Mengine utayagundua mwenyewe, na nakuonea wivu, nakwambia kweli. Nakuonea wivu kwa ile siku utakayoona kitu ambacho mimi sijawahi kukiona, na hutakuwa na mtu wa kumwita jikoni.

Ukitaka bado kuhama shule, hama. Lakini uhame kwa sababu nyingine, siyo kwa sababu ya uji. Hapakuwa na uji.

Tangu jana ulidhani nachemsha makongoro kwa ajili ya safari. Nimechuja mara tatu asubuhi wakati unaoga. Trei iko kwenye mchanga kando ya mtungi, nimetoka kuigusa sasa hivi na imeganda vizuri, ni angavu kuliko zote tulizowahi kufanya. Nimekata umbo la daraja lenye nguzo mbili, na nimelikata kwa uzi, vibaya, utaona upande wa kulia. Tundu la katikati sijalitoboa. Sijui liwe wapi wala liwe kubwa kiasi gani.

Nasikia kengele ya baiskeli kwa Mama Masanja. Anakuuliza kitu, unacheka. Nitakupa barua hii mlangoni na nitakwenda kusimama uani mpaka uimalize. Mwanga wa dirishani utakuwa bado upo kwa nusu saa. Kitoboleo nimekitoa kisandukuni pamoja na kioo na kipande cha kalkuleta, kiko juu ya trei. Ukiwa tayari, niite.

Mama yako